Jedwali Lililobaki Makadara

Walimu wenzangu wa idara ya sayansi,

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, nami sasa sina tena pa kuwahi. Naishukuru hata hivyo, inakwenda vizuri. Hotuba zilipokwisha, Mwalimu Dennis, aliyerithi vipindi vyangu vya kemia, aliniuliza kwa utani: "Mwalimu Kadzo, zamani mlifundishaje jedwali la elementi bila hii?" Akaniinulia simu yake. Jedwali zima lilikuwa humo, rangi tele, na kila alipogusa elementi moja ilimfungukia ikampa sura yake, uzito wake na habari zake zote. Nikacheka, kama mtu mzima anavyocheka mbele za watu, na jibu sikulitoa. Nalitoa sasa. Vyeo sitavigusa, kwa sababu vilikuja vichache na vikachelewa. Nitasema ya miaka ya tisini tu, na anayetafuta maandishi ya kumpa moyo ni heri aishie hapa.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka hiyo, si kwenye shule yenu, bali katika shule ya wasichana iliyokuwa baina ya Makadara na Mji wa Kale. Jina lake naliacha. Nilikuwa Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, na diploma mpya na viatu vipya, vyote viwili vikinibana. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa mjini, Kiswahili chao kimenyooka kuliko changu, na adabu yao ilinichosha kabla sijashika chaki. Sabalkheri Mwalimu, umeamkaje, na wa kwenu hawajambo, na safari ilikuwaje. Kila mmoja kwa zamu yake. Huwezi kumkatiza mtoto anayekuulizia mama yako. Somo langu la kwanza lilianza likiwa linakaribia kwisha.

Somo la pili lilikuwa la vitendo, na ndilo lililonijulisha nimefika mji gani. Nilitaka kuwaonyesha namna ya kutambua kloridi. Ukidondosha nitrati ya fedha ndani ya maji yenye chumvi ya kawaida, yanageuka meupe kama maziwa. Ukidondosha ndani ya maji safi, yanabaki vile vile. Nikapanga vijineli vya kioo mezani, vingine vya maji ya chumvi, vingine vya maji matupu. Nikadondosha. Vyote vikawa vyeupe. Nikavimwaga, nikaviosha, nikarudia kwa dawa ile ile. Vyeupe tena, na ile safu ya nyuma ikaanza kucheka chini chini.

Mlangoni alikuwa amesimama Bwana Mwakio, Mtaita mrefu, mkuu wa maabara na mwalimu wa kemia tangu shule ifunguliwe.

"Maji umeteka wapi?" akaniuliza.

"Hapo mferejini," nikamwonyesha bomba.

"Mfereji huu wavuta kisimani, mama. Na visima vya huku vyanywa bahari. Humu hata kuta zina kloridi. Kesho uje mapema nikuonyeshe maji yapatikanavyo."

Kesho yake nilikuja mapema. Alikuwa na birika kuukuu juu ya moto, mrija umetoka mdomoni mwake ukapita ndani ya beseni la maji baridi, na mwisho wa mrija yakidondoka maji safi tone kwa tone. Hivyo ndivyo tulivyopata maji ya maabara. Mvua ikinyesha tulitoa ndoo zote uani. Mengine niliyojifunza kwake ni haya: karatasi ya jina la chupa iandikwe kwa penseli kisha ipakwe nta ya mshumaa, la sivyo unyevu utaibandua na utabaki na chupa ambazo hazijui zina nini ndani. Vyuma vipakwe mafuta kila Ijumaa, kwani chumvi haina likizo. Asidi humwagwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, na mwenye kusahau huoni haja ya kumkumbusha, ngozi yake itamkumbusha.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni jedwali la elementi la ukutani, la karatasi nzito, moja tu kwa shule nzima. Lilikuwa limepiga ukungu pembeni. Kona ya juu kushoto ilichanika, akaibandika kwa gundi ya muhogo aliyoipika mwenyewe. Mende wakaipenda ile gundi, wakaila pamoja na lithiamu. Tangu hapo lithiamu tuliifundisha kwa imani. Bwana Mwakio aliwasimamisha wasichana mbele ya lile jedwali, akawafundisha kulisoma mshazari, kushuka na kuvuka, akisema kwamba anayelijua jedwali hahitaji kukariri kemia, maana nusu ya majibu yamekwisha andikwa ukutani. Nilimwamini, na bado namwamini. Alipostaafu akarudi kwao Taita, alinikabidhi funguo, akaniambia, "Usiwaache wakifunge chumba hiki." Nilimwahidi kwa wepesi, kama mtu asiyejua anaahidi nini.

Baada yake mambo yaliharibika polepole, na sikuwa na mtu wa kumlaumu, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kuwa naye. Mtungi wa gesi uliisha, mwingine ukachelewa. Kemikali zilipungua. Paa lilivuja juu ya meza ya mbele. Matokeo ya kemia yakawa ya kuona haya, na kila mwaka wasichana walioichagua walikuwa wachache kuliko wa mwaka uliotangulia. Kamati ya shule ikaanza kunong'ona kwamba kile chumba kingefaa zaidi kikiwekwa cherehani. Cherehani ni kitu kizuri, na wengi wa wasichana wetu wangepata riziki kwayo. Hilo nalo lilinivunja nguvu, kwamba hata hoja ya upande wa pili ilikuwa na haki yake.

Mwaka wa minong'ono hiyo, kidato cha pili alikuwepo Rukia. Aliishi Makadara na bibi yake mzaa mama, Bi. Mwanaidi, mwenye ugonjwa wa sukari na presha, ambaye aliuza sambusa jioni barazani kwake. Rukia hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa tano, wa sita, kwa sababu kila alichoambiwa alikaa kukiulizia wakati wenzake wanaandika. Siku moja aliniletea pakiti ya dawa za bibi yake.

"Mwalimu, hapa wameandika sodiamu," akasema. "Si ndiyo uliyotwambia ikitiwa majini yalipuka?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona bibi aimeza na maji na halipuki?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka, alikuwa akingoja jibu. Nikamweleza kwamba sodiamu ikishampa mwenzake ile elektroni yake ya nje hutulia, haina tena cha kugombania. Akatazama lile jedwali letu lililoliwa na mende, kisha akasema, "Basi dawa zote zatoka hapo." Wiki iliyofuata akaniambia ataka kuwa mfamasia. Nilimwambia kwamba mfamasia bila kemia hakuna. "Najua," akasema, "ndiyo maana nasoma." Nimefundisha wasichana wengi walioniambia wataka kuwa hiki au kile ili wanifurahishe. Huyu alikuwa ananipa taarifa.

Sasa intaneti. Makadara palikuwa na duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi, la Bwana Shabbir, mtu wa miwani mizito na moyo mwepesi, ambaye ndiye aliyetuchapia mitihani yetu. Kuelekea mwisho wa miaka hiyo akanunua kompyuta na kidude cha kuiunganisha na simu, akaandika kwa rangi nyekundu dirishani: INTANETI. Wengi walidhani ni jina la kinywaji. Nilikwenda kuchukua mitihani, akaniita nyuma ya kaunta.

"Arre, Mwalimu, njoo uone. Wewe wasomesha kemia, siyo? Mtoto wa ndugu yangu yuko Uingereza, ameniandikia, asema kuna kitu chako humu."

Simu ikalia milio yake ya kukoromea, tukangoja. Ukurasa ukaanza kuteremka mstari kwa mstari. Haidrojeni ikatokea kushoto na heli kulia, peke yao, kama wageni waliowahi harusini. Kisha safu ya pili, kisha ya tatu. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Lilipokamilika lilikuwa jedwali zima, la rangi, safi, lithiamu ipo. Shabbir akapeleka kipanya juu ya bromini akabonyeza, na baada ya kungoja kwingine ukafunguka ukurasa wa bromini: nani aliigundua, ina rangi gani, inachemka kwenye joto gani, inatumika wapi. Kila sanduku lilikuwa mlango. Na mwisho wake lilikuwa na elementi ambazo sikuwa nimewahi kuzisikia, kwani zilipatikana baada ya jedwali letu kuchapishwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia watoto wa watu kwamba dunia imeishia mahali ambapo karatasi yetu iliishia.

Shabbir alitoza kwa dakika, na mimi nilikuwa mwalimu, kwa hiyo nilisoma kama mtu anayekimbizwa. Nilikwenda tena na tena. Nikampeleka Rukia Jumamosi moja na wenzake wawili, wakabanana kwenye stuli moja. Rukia hakugusa kitu. Alisoma ukurasa wa sodiamu hadi mwisho, akageuka akaniambia, "Mwalimu, humu hawajaogopa kusema yote." Siku hiyo nilirudi nyumbani Tudor nikiimba, na mimi si mwimbaji. Nawaambieni hili ili mjue kwamba nilitumaini kwelikweli. Kukata tamaa kwangu hakukuwa kwa uvivu.

Muhula wa tatu kamati ilikuja na shauri lililokwisha iva: kemia ifutwe, chumba kiwekwe cherehani. Mwalimu mkuu wetu, Bi. Salma, mwanamke mpole aliyekuwa amechoka kuliko mimi, aliniita ofisini kwake. Humo mlikuwa na kompyuta ya shule, moja, zawadi ya mfanyabiashara mmoja, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiiguse. Haikuwa na laini ya simu. Simu yenyewe ya ofisi ilitiwa kufuli.

"Wamekubali kukusikiliza mara moja," akaniambia. "Ukiweza kuwaonyesha namna ya kusomesha hii kemia bila ya kununua kitu, huenda wakakupa mwaka mmoja. Usipoweza, usinilaumu."

Nilijua la kufanya. Kama kompyuta ya shule haiwezi kuifuata intaneti, basi intaneti itabebwa ije. Nikanunua disketi, kile kijisahani cha kuhifadhia ndani ya plastiki, nikaenda kwa Shabbir. Tukalifungua jedwali, tukalihifadhi kwenye disketi. Tukahifadhi na kurasa za elementi nyingi kadiri zilivyoenea. Mimi si mtu wa kubahatisha. Nimefundishwa na Bwana Mwakio, na jaribio hurudiwa kabla ya kuonyeshwa watu. Kwa hiyo nilimwambia Shabbir akate simu, autoe mtandao kabisa, kisha afungue kile tulichohifadhi. Akakata. Akafungua. Jedwali likatokea lote, rangi zote, papo hapo bila kungoja. Nikabonyeza sodiamu, ikafunguka. Tukapeana mikono. Nikaifunga disketi ndani ya karatasi ya nailoni, kisha leso, kwa sababu ya jasho.

Kamati ilikutana baada ya sala ya adhuhuri, ofisini kwa Bi. Salma. Mwenyekiti alikuwa Bwana Athmani, mwuza mbao, mzee wa heshima ambaye binti zake wote alikuwa amewasomesha. Nalisema hili makusudi, asije mtu akadhani alikuwa adui wa elimu. Kitambaa kikaondolewa, kikakunjwa. Kahawa ikapita. Nikaeleza: gesi hatuna, kemikali hatuna, jedwali limeliwa, lakini humu ndani mna jedwali ambalo halipati ukungu, na msichana anaweza kuiuliza kila elementi habari zake nayo ikamjibu. Nikaona nyuso zimelainika. Mmoja wao hata akasema mashallah.

"Haya, Mwalimu, twonyeshe," akasema Bwana Athmani, akavuta kiti, akikaza macho. "Mato yangu yamekuwa mabovu, niwacheni n'keti mbele."

Nikaitia disketi. Ikanguruma. Ukurasa ukafunguka.

Juu yalikuwepo maandishi. Chini ya maandishi palikuwa na sanduku moja kubwa, jeupe, tupu, na pembeni mwake kijialama kidogo kama picha iliyochanika. Basi.

"Ndilo hili?"

"Bado, mzee. Lafunguka."

"Twangoja?"

"Twangoja kidogo."

Tukangoja. Intaneti ilikuwa imenizoesha kungoja, ndiyo maana sikushtuka mapema. Nikafunga, nikafungua tena. Sanduku jeupe. Nikajaribu ukurasa wa sodiamu, nao ukatoa mistari michache ya maandishi na visanduku vyeupe viwili. Nikarudi kwenye jedwali. Katibu wa kamati, aliyekuwa karani bandarini na akijua Kiingereza, akainama akasoma kwa sauti maneno yaliyokuwa chini ya lile sanduku: bonyeza elementi uitakayo. Bwana Athmani, kwa nia njema kabisa, akanyoosha kidole akabonyeza kioo katikati ya ule weupe. Akangoja. Akabonyeza tena.

Hakuna aliyecheka wakati huo. Wangecheka ningeweza kukasirika.

"Mwalimu," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, "hilo jedwali lenyewe li wapi?"

"Liko kwa Shabbir, Makadara. Lilikuwa latokea. N'lilijaribu mwenyewe."

"Basi wana wetu waende wakasome kwa Shabbir."

Hapo ndipo walipocheka. Nikaomba nusu saa. Nikatoka na disketi yangu mkononi, nikakimbia njia nzima ya Makadara katikati ya watu na mikokoteni, mwanamke mzima na sketi ya kazini, nikamwingilia Shabbir dukani nikihema. Akaitia disketi kwenye mashine yake. Jedwali likatokea, zuri, kamili. Tukatazamana. Akavua miwani, akafikiri, kisha akaingia ndani ya mafaili yake, akatafuta, na nikamwona anajipiga kipaji cha uso kwa kiganja.

"Mwalimu, nisamehe. Tulichohifadhi ni maandishi. Picha ni kitu mbali, haikwenda na disketi. Jedwali lote ni picha moja. Hapa latokea kwa sababu mashine yangu ililiona jana, ikaliweka tumboni. Ile yenu haijapata kuliona."

Ndiyo hayo tu. Leo hata mtoto wa darasa la nne angetucheka. Lakini wakati ule mjini kote nani angetuambia? Tulilijaribu jaribio letu kwa uangalifu wote, ndani ya chombo ambacho tayari kilikuwa na jibu. Shabbir akazitafuta zile picha moja moja, akazitia kwenye disketi nyingine. Hakunitoza. Nikakimbia tena kurudi.

Wazee walikuwa wamekwenda kusali alasiri. Ofisini alikuwemo Bi. Salma peke yake, akirudisha kitambaa juu ya kompyuta.

"Wamekwisha amua, Mwalimu."

"Nimeleta picha zake."

"Najua. Wamekwisha amua."

Nikamwomba akiondoe kitambaa. Akakiondoa, nafikiri kwa huruma tu. Nikaitia disketi, na jedwali likafunguka mbele yetu sisi wawili, elementi zote mahali pake, na feni ikizunguka juu. Bi. Salma alilitazama. "Ni zuri," akasema. Kisha akaizima.

Nilimwendea Bwana Athmani nyumbani, nikamwendea na katibu. Walinikaribisha, wakaninywesha sharubati, na hawakubadilisha neno. Likizo ya Desemba maabara ilivunjwa. Birika la Bwana Mwakio lilichukuliwa na mpishi. Muhula mpya ulipofunguliwa niliwaambia wasichana wa kidato cha tatu kwamba somo halipo tena, wachague jingine, na mimi ningewafundisha hesabu. Wengi walipumua. Rukia alibaki baada ya kengele.

"Na mimi je?" akauliza.

Nikahangaika kumtafutia njia. Nilikwenda shule moja ya Tononoka yenye maabara, nikaomba wamruhusu afanyie mtihani wa vitendo kwao. Mwalimu wa kemia akakubali, mwalimu mkuu wake akakataa, kwamba akimkubalia mmoja kesho watakuja ishirini. Nikaomba shule ya pili. Nikazungumza na Bi. Mwanaidi juu ya kumhamisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu Kadzo, shule hizo zataka ada, na mimi nina sambusa." Na kumsajili mtoto kwa mtihani wa kemia katika shule isiyo na maabara haikuwezekana, hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Nililijua, na bado nilikwenda kuuliza.

Kitu kimoja Rukia hakukiacha. Kila Jumamosi alikwenda kwa Shabbir, naye Shabbir, kwa lile lililotupata, alimwachia kiti wakati duka halina watu. Aliusoma ukurasa baada ya ukurasa, safu baada ya safu. Mara nyingine nilimkuta hapo, nikakaa naye, nikamweleza yale ambayo skrini haielezi. Alikuwa akienda mbele kuliko darasa lolote nililowahi kufundisha. Mara nyingi nilitaka kumwambia aache, aokoe macho yake kwa masomo yatakayomfaa. Sikumwambia. Sijui hadi leo kama ule ulikuwa wema.

Akafika kidato cha nne. Siku ya karatasi ya kemia, wasichana wetu wote walikuwa majumbani kwao, kwa sababu kwa shule yetu siku hiyo haikuwa na mtihani. Mimi nilipelekwa kusimamia shule nyingine kisiwani. Nikagawa karatasi, nikasimama nyuma. Swali la pili lilikuwa la jedwali: vimechorwa visanduku vyake bila majina, ndani ya vichache zimetiwa herufi za kubuni, mtahiniwa aseme kila moja ni nini na itafanya nini. Nilipita katikati ya madawati nimefunga mikono nyuma. Mmoja baada ya mwingine, niliona wanalikosea mwishoni, pale pale. Msimamizi hana ruhusa hata ya kukohoa vibaya.

Jioni ile, karatasi zikiwa zimekwisha fungwa na kuchukuliwa, sikwenda moja kwa moja Tudor. Nilipita Makadara. Rukia alikuwa barazani, amekaa mbele ya sinia pana lililonyunyizwa unga, anasukuma manda nyembamba za kufungia sambusa.

"Sabalkheri ya jioni, Mwalimu," akanitania, kisha akaacha kutania. "Waliuliza nini?"

Nilidhani ningeweza kumwambia kwamba sikuisoma. Nikaketi kwenye mkeka, nikainamia sinia, nikamchorea visanduku kwa kidole ndani ya unga. Nikatia herufi mahali zilipokuwa. Akafuta mikono kwenye leso yake.

"Ipi ni metali kali kuliko zote?" nikamwuliza.

"Hii ya chini kushoto. Elektroni yake ya nje iko mbali, yamponyoka upesi."

"Hii na hii zikikutana?"

Akaniambia fomyula, bila kufikiri.

"Ipi haimhitaji mwenzake?"

Akagusa kundi la mwisho kulia, akasema kwa nini.

"Sasa la mwisho. Kuna elementi ambayo ayoni yake imepokea elektroni mbili, na ikishapokea ina mbili, nane, nane. Iweke mahali pake."

Pale ndipo ukumbi mzima ulipokosea. Waliiweka ukingoni, walikohesabu nane. Rukia akahesabu. Midomo ikacheza kidogo. "Imepokea mbili," akasema. "Basi yenyewe kabla haijapokea ina mbili, nane, sita." Akashusha kidole, akakikandamiza ndani ya unga, safu ya tatu, kundi la sita.

"Ni sawa, Mwalimu?"

"Ni sawa."

"Yote?"

"Yote."

Akaendelea kunitazama, kana kwamba bado kuna jambo nimesahau kumwambia. Kutoka ndani bibi yake akaita, "Rukia! Manda zakauka!" Akaitika, "Bee, bibi," akaukusanya ule unga kwa kiganja pamoja na visanduku vyote na herufi zake, akaweka donge jipya juu yake, akaanza kusukuma. Mkobani nilikuwa na kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Nilitia mkono nikaishika, na sikuwa na pa kuandika.